Mzee Soksi na Sakafu Isiyotakiwa Kung'aa

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mtunzaji wa ukumbi wetu wa michezo atakabidhi funguo sita na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia shule hii ya sekondari kwa miaka thelathini na mitano na miezi miwili. Katika muda huo amewaona wakuu wa shule saba wakija na kuondoka, amebadilisha nyavu kumi na moja za mpira wa wavu, na amewaamuru wanafunzi wasio na idadi wavue viatu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mwalimu wa michezo, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki ulichokishika.

Niseme mapema, msomaji asije akadhani nimemvizia. Ndani ya wasifu huu kuna jambo la aibu, na aibu hiyo si ya mstaafu, ni yangu. Kwenye faili lake la utumishi kuna barua moja ya onyo kali, ya miaka kumi na tisa iliyopita, ambayo ilipaswa kuandikwa kwa jina langu. Nisipoisema sasa, atatoka getini akiwa amebeba kosa langu, na atazeeka nalo. Nitaifikia. Kwanza nimweleze yeye, maana anastahili kuelezwa kwa raha kabla sijaiharibu.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na mitano, kibarua wa seremala aliyekuwa akimalizia kupigilia mbao za sakafu ya ukumbi. Kazi ilipokwisha, seremala alikusanya vifaa vyake akaondoka, na kibarua akabaki. Mkuu wa shule wa wakati huo alimwuliza anasubiri nini. Akajibu kwamba mbao zilikuwa bado hazijatulia, na zisipopata mtu wa kuziangalia katika mvua za kwanza zitainuka. Aliajiriwa kwa wiki sita. Hizo wiki sita ndizo zinazokwisha tarehe thelathini.

Jina la Mzee Soksi alipewa na wanafunzi akiwa na miaka thelathini na moja, umri ambao mtu mwingine bado anaitwa kijana. Sababu ni sheria yake moja: hakuna kiatu cha nje kinachokanyaga sakafu ya mbao. Una raba za ndani, pita. Huna, vua, ingia na soksi. Huna soksi, yeye anazo. Mlangoni aliweka boksi la soksi zilizopotelewa na wenzao, zote amezifua, kila moja na rangi yake. Kuna kizazi kizima cha mji huu kilichojifunza mpira wa kikapu kwa mguu mmoja wa kijani na mwingine wa zambarau.

Sheria haikubagua. Siku mkaguzi wa elimu alipokuja na ujumbe wake, wote wamevaa viatu vya kung'aa, Mzee Soksi alisimama mlangoni akasema kwa adabu zote, "Karibuni sana, waheshimiwa. Viatu hapa." Mkaguzi alisita, na kumbe alikuwa na sababu. Alipovua, kidole gumba chake cha kulia kilikuwa nje kabisa, kinatuangalia. Walimu wote tuligundua ghafla kwamba paa la ukumbi linahitaji kutazamwa. Mzee Soksi aliinama, akachagua kwenye boksi soksi nzima inayokaribia rangi ya ile, akampa bila neno. Ripoti ya ukaguzi mwaka ule ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Wasomaji waliosoma hapa hawahitaji kuelezwa ukumbi wenyewe, lakini wapo wageni. Ni jengo la matofali, paa la bati, madirisha yako juu sana, yanafunguliwa kwa fimbo ndefu yenye ndoano. Ukiingia unapokewa na harufu ya mbao, raba na jasho la watu walioondoka zamani. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele hata filimbi ya mwamuzi haisikiki, ndiyo maana Mzee Soksi alizoea kusimama kwenye mstari wa kati na taulo nyeupe, mwamuzi akipuliza, yeye anapunga. Timu za wageni zilidhani ana wazimu. Mstari mwekundu ni wa netiboli, wa njano ni wa mpira wa wavu, mweupe ni wa kikapu, na yote aliichora yeye kwa kamba na chaki kabla ya kupaka rangi, kila likizo ya mwisho wa mwaka. Na kulikuwa na desturi, sijui nani aliianzisha, kwamba tukishinda tunalala chali sote sakafuni, tunatazama maboriti, hakuna anayesema. Mimi nimelala pale mara tisa nikiwa mwanafunzi. Sidhani nimewahi kuwa na raha ya namna ile tena.

Ukumbi huo huo ulitumika kwa mitihani. Madawati mia mbili juu ya sakafu yake! Alikata mipira ya ndani ya matairi vipande mia nane, akavalisha kila mguu wa dawati, na wakati wa mtihani alipita pembeni peku, husikii kitu. Mwaka mmoja mwanafunzi alisinzia juu ya karatasi ya hesabu, na kanuni hazimruhusu mtu kumgusa mtahiniwa. Basi fimbo ya madirisha ikaanguka, puu! Ikaanguka yenyewe tu, kwa mujibu wa Mzee Soksi, ambaye alikuwa ameishika. Yule mwanafunzi leo ni mwalimu wetu wa hesabu, na bado husinzia kwenye vikao.

Humo pia alifunga ndoa mwalimu wa biolojia, baada ya mvua kuangusha mahema yaliyosimamishwa uwanjani. Wageni mia tatu walicheza wakiwa na soksi. Bibi harusi alivua viatu vya visigino virefu mlangoni, na shangazi yake aliyeanza kulalamika alipewa soksi mbili, moja ya bluu.

Lakini kazi yenyewe hasa ilifanyika asubuhi kabla hatujafika. Saa kumi na mbili na nusu alivua viatu akaipita sakafu ubao kwa ubao, kisigino kwanza. Ubao uliolegea aliujua kwa mguu kabla haujalia. Kisha alipiga deki kwa kitambaa alichokikamua mpaka kikawa karibu kukauka, kwa sababu mbao hazipendi maji. Sabuni hakutumia. Nta hakutumia kabisa. Kila mwalimu mgeni alimwuliza kwa nini sakafu haing'ai, na kila mmoja alipata jibu lile lile: "Sakafu ya kuchezea inatakiwa ishike mguu. Kung'aa ni kazi ya meza."

Mimi nililisikia jibu hilo nikiwa mwanafunzi, na nikalisikia tena nilipoajiriwa. Sina pa kujificha.

Nilirudi hapa kama mwalimu nikiwa na miaka ishirini na minne, katika miezi ya majaribio, na mdomo mkubwa. Miezi mitatu baadaye shule ilipata kuwa mwenyeji wa fainali ya netiboli ya shule zote za mkoa, kwa mara ya kwanza. Fainali ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa, Mzee Soksi alipata habari kwamba kaka yake mkubwa anazikwa jioni ile. Alipita ofisini, akamkosa mkuu wa shule aliyekuwa mkutanoni nje, ruhusa ya maandishi hakuipata. Akaja kwangu. Alinipa ufunguo akasema, "Mwalimu, nimeshapiga deki. Usiguse kitu. Kesho fungua madirisha tu, mimi nitawahi." Nikamwambia nenda mzee, pole sana, usiwe na wasiwasi.

Alipoondoka niliingia ukumbini nikasimama katikati. Niliiona sakafu kama watakavyoiona wageni: butu, imechoka, haina sura. Nilijiona mimi mwenyewe kesho yake, mwalimu mpya wa michezo, nikipeana mikono na maofisa juu ya sakafu ile. Stoo kulikuwa na makopo manne ya nta ya kung'arishia meza za ofisi. Nilipiga magoti nikaanza kupaka, kona hadi kona, peke yangu, mpaka mikono ikafa ganzi. Ilipokauka niliisugua kwa kitambaa cha sufu. Jamani, iling'aa! Madirisha yalionekana chini kama yalivyo juu. Nilirudi nyumbani naimba.

Asubuhi mkuu wa shule, mama mkali asiyesifia mtu, aliingia akasema, "Leo ukumbi umependeza." Nilitabasamu, nikimwachia mstaafu wetu sifa hiyo. Nilijiona mwema.

Mzee Soksi aliingia mechi imeshaanza, mfuko wa safari begani, macho mekundu ya msiba. Alivua viatu. Alikanyaga hatua moja ndani. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nilimwona akishusha macho kwenye mguu wake, na nilijua kwamba amejua. Alitupa mfuko akamkimbilia mwamuzi huku akipiga kelele, "Simamisheni! Simamisheni mchezo!" Watu wakamshangaa. Wakati huo huo nahodha wetu, binti wa kidato cha tano aliyekuwa akiruka kuliko wote mkoani, alipaa kuudaka mpira karibu na goli. Alipotua, mguu wa kushoto haukupata pa kushika. Goti lilikwenda upande wake. Sauti ile waliokuwepo wanaikumbuka, sitaiandika.

Jumatatu kilifanyika kikao cha uchunguzi ofisini kwa mkuu wa shule. Watu walikuwa watano, na mimi kwa kuwa ni mdogo kuliko wote nilipewa kazi ya kuandika kumbukumbu. Nilikaa pembeni ya meza na daftari. Mkuu wa shule hakuzunguka. Alimwuliza Mzee Soksi alijuaje kwamba sakafu ina utelezi, mpaka akapiga kelele za kusimamisha mchezo, kama si yeye aliyeipaka? Kelele zile zile za kutaka kumwokoa mtoto zikawa ushahidi dhidi yake. Alipoulizwa nani alikuwa na ufunguo, hakunitazama. Nawaapieni, hakunitazama hata kidogo. Kisha akasema, "Ukumbi nimekabidhiwa mimi. Kinachotokea mle ndani niulizwe mimi."

Hayo ndiyo maneno yake, na si maneno ya mtu aliyekiri. Lakini mkuu wa shule aliuliza, "Kwa hiyo ni wewe?" naye akainamisha kichwa, na mimi nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, "Mtunzaji amekiri kupaka nta." Manne tu, maneno hayo. Hakuna aliyeniambia niyaandike hivyo. Nilikuwa na kalamu na nilikuwa na hofu. Makopo manne matupu yalikuwa kwenye kabati langu la walimu, nimelifunga kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwangu wakati naandika.

Barua ya onyo kali ilitoka siku ya tatu, ikinukuu kumbukumbu zangu. Mzee Soksi aliondolewa ukumbini akapelekwa kufyeka nyasi za viwanja. Miaka miwili! Mimi nikifundisha ndani, namsikia nje, fyekeo linakwenda na kurudi chini ya madirisha. Ukumbi alipewa kijana wa kampuni ya usafi, akaumwagia ndoo za maji, mbao zikainuka kama alivyotabiri tangu mwanzo. Mvua ikitishia, Mzee Soksi aligonga mlango akiwa na fyekeo mkononi, akaniomba, "Mwalimu, nisaidie kufunga yale madirisha ya upande wa kushoto, yanaingiza maji." Nilifunga. Yeye alibaki mlangoni, hakuwa na ruhusa ya kuingia. Nilipokuwa narudi kutoka dirishani sikuweza kumtazama usoni, nikawa najifanya nina haraka.

Na nahodha? Daktari alisema atatembea, ila kucheza asahau. Mama yake, muuza mboga wa sokoni, alikuja hadi uwanjani akamwambia Mzee Soksi mbele za watu maneno ambayo mzazi aliyeumizwa ana haki ya kuyasema, ila mwenye kustahili kuyasikia hakuwa yeye. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nahesabu mipira. Nilihesabu mipira ile mara tatu.

Kisha Mzee Soksi alifanya jambo ambalo halimo kwenye faili. Alikwenda hospitali, akamwomba mtaalamu wa viungo amwonyeshe mazoezi ya goti, moja moja, akayachora nyuma ya kalenda kwa penseli. Akamwomba mkuu wa shule kibali cha kuingia ukumbini Jumamosi asubuhi tu, kwa sababu ngazi za mazoezi za ukutani ziko mle. Akaenda kwa muuza mboga akasimama mlangoni mpaka akasikilizwa. Miezi kumi na minne, kila Jumamosi, binti alishika ngazi, mzee akahesabu, "Moja, pumzika. Mbili, pumzika." Binti alianza na magongo mawili, akaja na moja, akaja bila gongo. Walimu tulisema mzee anajutia alichofanya. Nilisema na mimi. Nilikuwa nikipita pale na chupa ya maji ya kuwapa, nikirudi nyumbani najiona nimechangia.

Miaka miwili ilipokwisha mkuu mwingine wa shule aliingia, akaziona mbao zilivyovimba, akauliza nani aliwahi kuzitunza. Mzee Soksi alirudishwa. Alizing'oa mbao mia mbili na sita, akazikausha, akazipiga randa, akazirudisha kila moja mahali pake. Barua ilibaki kwenye faili. Mimi nilithibitishwa kazini, nikapanda cheo, nikapewa ngao ya mwalimu bora wa michezo mara mbili. Ziko sebuleni kwangu, na kwa miaka mingi niliweza kuzitazama bila tabu. Mtu huzoea. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kosa lenyewe.

Muhula uliopita wanafunzi waliandika ombi kwa bodi ya shule, sahihi mia nne na zaidi, kwamba ukumbi upewe jina la Mzee Soksi anapostaafu. Bodi ililikataa. Mwenyekiti alisema kwa masikitiko kwamba haiwezekani ukumbi kubeba jina la mtu mwenye barua ya onyo kuhusu ukumbi huo huo. Nilikuwa kikaoni, nikiwakilisha idara ya michezo. Nilifungua mdomo, nikaomba dirisha lifunguliwe kidogo kwa sababu ya joto.

Wiki moja baadaye mkuu wetu wa shule aliniomba niandike wasifu. "Wewe ndiye unayemfahamu kuliko wote," alisema. Nikaandika. Ulikuwa mtamu, nawahakikishia. Ulikuwa na soksi, mkaguzi, harusi, kila kitu, na katikati niliweka sentensi hii: "Kama binadamu yeyote, alipitia changamoto za hapa na pale, akazishinda." Ni utaratibu wetu mstaafu apewe rasimu asahihishe tarehe, basi nikampelekea.

Nilimkuta kwenye chumba cha vifaa, amekaa juu ya mkeka wa sarakasi, anashona wavu. Alivaa miwani akasoma taratibu, akicheka penye kidole cha mkaguzi. Alisahihisha mwaka wa harusi. Kisha akaweka kidole chake kwenye ile sentensi, akakiacha pale. "Hizi changamoto ni zipi, mwalimu?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Nilianza kusema ni lugha tu ya wasifu, mzee, kila mtu huandikiwa hivyo. Sikufika mwisho. Nililia mbele ya mtu niliyemwandikia "amekiri", nikasema mambo yote ovyo ovyo, nta, makopo, daftari. Alisubiri nimalize. Akasema, "Nilijua tangu nilipokanyaga. Ulikuwa na miezi mitatu ya kazi, wangekufukuza siku ile ile. Mimi nilijua wataniandikia barua tu." Akavuta uzi, akafunga fundo. "Lakini mwanangu, nilikuwa nakupa nafasi ya kuvuta pumzi. Nilidhani wiki ile utasema mwenyewe. Wiki ikapita. Nikasema labda mwezi. Ikawa hivi."

Nilimwambia naenda kwa mkuu wa shule sasa hivi, barua itolewe. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Barua aliiona ni jambo dogo. "Iko kwenye faili, na faili halichechemei," alisema. "Umeshamwambia yule binti?"

Sikuwa nimemfikiria. Katika miaka kumi na tisa ya kujionea haya, nilikuwa nimemfikiria Mzee Soksi na nilikuwa nimejifikiria mimi. Yule aliyeumia nilimwacha sakafuni.

Mkuu wa shule nilimwona siku hiyo hiyo. Nimempa maelezo yangu kwa maandishi, kurasa mbili, yakiwa na sahihi. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la mstaafu, na maelezo yangu yamewekwa kwenye langu. Bodi itakaa tena kuhusu jina la ukumbi, na itakaa pia kuhusu mimi. Yatakayoamuliwa kuhusu mimi nitayapokea, na naomba wenzangu msinitetee.

Kisha nilikwenda kwa binti. Leo ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani mwenye duka lake nyuma ya soko, na sare zetu za michezo anashona yeye. Nilimkuta anashona, mguu wa kulia ndio unaokanyaga pedali. Nilikataa kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kujipamba. Mashine ilisimama nilipofika kwenye makopo. Alikaa muda mrefu akinyoosha kitambaa kilichokuwa kimeshanyooka.

"Kwa hiyo Jumamosi zote zile," alisema, "alikuwa hadaiwi kitu?"

Nikasema hakudaiwa kitu.

"Mwalimu, mimi sijawahi kumshukuru. Hata siku moja. Nikikutana naye njiani namwamkia, napita. Mama yangu amekufa bila kumwamkia. Mtu anashukuriwaje kwa kutengeneza alichovunja mwenyewe?" Akashika tena kitambaa. "Nenda tu, mwalimu. Nenda kabla sijakuvunjia heshima."

Nilikwenda. Nilipokuwa natembea ndipo nilipoelewa kitu nilichomnyang'anya mstaafu wetu. Nilidhani ni cheo, nilidhani ni jina juu ya mlango. Kumbe alifanya jambo jema kuliko yote aliyoyafanya hapa, miezi kumi na minne, na kwa sababu ya maneno yangu manne hakuna aliyemwambia asante. Hata yeye mwenyewe hakuweza kuidai, kwa kuwa angeidai angenitaja.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wa sasa na wa zamani, kijitabu hiki kinakushukuru, Mzee wetu, kwa kila ubao, kila mstari, kila asubuhi. Tunakuombea afya, mapumziko ya kweli, na wajukuu wanaosikia wanapoambiwa wavue viatu. Mimi binafsi sikuombi msamaha humu ndani, kwa sababu mbele ya watu wote hawa ungelazimika kunipa. Nitakuja nyumbani kuuomba, na ukininyima nitaelewa.

Shukrani ya mwisho si yangu. Juzi fundi cherehani alituma ujumbe ofisini, akaomba aachiwe mstari mmoja wa kijitabu, na akaagiza usibadilishwe hata herufi. Alijua nani angeuandika. Nimeunakili kama ulivyo:

"Mzee, ni mimi wa Jumamosi. Nilidhani unatengeneza ulichovunja. Tarehe thelathini nakuja kwa miguu yangu kukuambia asante."